Kirangozi Hatanguliwi

Mwezi uliopita nilikuwa likizo Unguja pamoja na familia yangu, na siku moja kati ya hizo tuliitumia katika kisiwa kidogo cha Chumbe, kilometa kama 12 kusini-magharibi mwa mji, tukiogelea juu ya mwamba wa matumbawe kwa miwani na mrija wa kupumulia, huku tukiongozwa na mlinzi wa hifadhi. Wasomaji wanaosubiri sehemu ya pili ya mjadala wetu juu ya ardhi ya pembezoni mwa jiji la Dodoma wanivumilie. Nimerudi kutoka kisiwani na maneno matatu ya Kiswahili yanayonisumbua, na yote matatu yanatuhusu sisi wa uwanda wa kati kuliko watu wa pwani.

Kwa mtu aliyekulia Ugogo, bahari ni habari ya kusimuliwa. Uwanda wetu uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, mvua huja msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili, na mito yetu mingi ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Maji tuliyoyajua utotoni yalikuwa ya kisima kilichochimbwa katika mchanga wa korongo, au ya lambo ambamo tulikatazwa kuingia kwa kuwa ng'ombe ndio waliokuwa na haki ya kwanza. Hata jina la mji wetu, kwa simulizi ya Wagogo inayojulikana zaidi, latokana na tembo aliyekwenda kunywa maji akadidimia katika tope: idodomya, amezama. Mtu anayetoka katika mji wenye jina hilo ana kila sababu ya kuitazama bahari kwa adabu. Mimi nilijifunza kuogelea ukubwani, katika bwawa la hoteli moja ya Morogoro, na sikuona haya hata kidogo kuomba jaketi la kuelea.

Mashua iliondokea Mbweni. Msomi wa historia hapiti pale bila kugeuza shingo, kwa maana ndipo wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walipoanzisha, katika miaka ya 1870, kijiji cha watumwa walioachwa huru. Wengi wao walikuwa watu wa bara waliovushwa bahari pasipo hiari yao. Mimi, mtu wa bara vilevile, nilikuwa nimevuka kwa tiketi ya kwenda na kurudi. Tofauti hiyo si ndogo, na sitaki msomaji asome yatakayofuata kana kwamba nimeisahau: katika misafara nitakayoitaja walikuwamo waungwana waliotembea kwa ujira, na walikuwamo pia waliotembea wakiwa na minyororo shingoni, mara nyingine katika mstari mmoja.

Mwamba wa Chumbe ulitangazwa kuwa hifadhi na Serikali ya Zanzibar mwaka 1994, na kisiwa chenyewe kina mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Walinzi wa kwanza wa hifadhi walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani waliopewa mafunzo, na kazi yao tangu hapo imekuwa ni kulinda mwamba na kuwaongoza wageni. Aliyetuongoza sisi alikuwa mtu wa makamo, mvuvi wa zamani, mpole wa sauti. Kabla ya kuingia majini alitukalisha kivulini akatupa masharti. Tusiguse kitu. Tusisimame juu ya matumbawe hata tukichoka. Atakayechoka ainue mkono. Halafu akanigeukia mimi, labda kwa sababu ya mvi: "Maalim, humo ndani hakuna anayenitangulia. Akinitangulia mmoja, tunarudi sote." Alilisema bila ukali wowote, kama mtu anayetaja saa.

Chini ya maji nilielewa kwa nini. Macho ya mgeni huona rangi tu: pono wanatafuna matumbawe na meno yao yanasikika kabisa masikioni, vitatange wanapita wawili wawili, taa amejifukia mchangani hadi yabaki macho. Yeye aliona mkondo. Aliusoma kwa kutazama mwani umelalia upande gani, na alikuwa ameichagua saa ya kuingia kwa kuhesabu siku za mwezi, kwa kuwa maji ya bamvua huvuta tofauti na maji mafu. Binti yangu, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu na mapafu ya mbuzi wa mlimani, alimwona kasa akamfuata, akatupita sote na kumpita kiongozi. Yule bwana akapiga maji kwa kiganja mara mbili. Tukasimama. Hakurudi ufukweni kama alivyotishia, ila adhabu aliitoa: binti alitakiwa kushika kamba ya boya la kiongozi kuanzia pale hadi mwisho wa safari, mbele ya macho ya wote.

Nilicheka ndani ya mrija, jambo ambalo siwashauri wengine, kwa sababu adhabu ile nilikuwa nimeisoma.

Mwaka 1857 Richard Burton na John Hanning Speke walitoka pwani kwenda kulitafuta ziwa Tanganyika. Walivuka Ugogo mwezi Septemba na Oktoba mwaka huo, wakafika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwanzoni mwa Novemba. Burton alikuwa mtu mwenye chuki nyingi na jicho kali, na katika maandishi yake juu ya msafara anamweleza kwa kirefu mtu aliyeitwa kirangozi. Huyu ndiye aliyetembea mbele ya wote. Alivaa nguo nyekundu, ngozi ya mbega au ya mnyama mwingine kichwani au mgongoni, akashika bendera nyekundu ya Zanzibar. Alibeba mzigo kama wenzake, ingawa mara nyingi mwepesi kidogo. Njia ilipogawanyika, aliifunga ile isiyofaa kwa kutawanya majani au kuburuta mguu mchangani, ili walioachwa nyuma wasipotee. Na mpagazi aliyethubutu kumtangulia alitozwa faini: mshale mmoja ulichomolewa katika podo lake, ukahifadhiwa hadi kambini, ili jioni mkosaji atambulike na kuukomboa.

Mshale katika podo na kamba ya boya ni sheria ileile. Lakini ili kuielewa inabidi tutoke baharini turudi mahali ilipokuwa na maana ya uhai na kifo, yaani nyumbani.

Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilipita Mpwapwa. Baada ya Mpwapwa, msafara ulipumzika Chunyo, penye maji ya chumvichumvi, kisha ukaingia katika nyika iliyoitwa Marenga Mkali, maana yake maji makali, ambako kwa hakika hapakuwa na maji makali wala matamu. Ilivukwa kwa mwendo wa alasiri ambao wasafiri waliuita tirikeza: unaondoka jua likishapinduka, unatembea hadi usiku, unalala bila maji, unaamka kabla ya mapambazuko, na kabla jua halijakuua unafika visima vya kwanza vya Ugogo. Upande wa pili, baada ya kuivuka Ugogo yote, ilingoja Mgunda Mkali, misitu ya vichaka upande wa Manyoni na Itigi, ambayo nayo ilikuwa na visima vya kuhesabika. Ugogo ilikuwa katikati ya kiu mbili.

Hapo kirangozi hakuwa pambo. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kilo 30 au zaidi za nguo za merikani na kaniki, shanga, waya za shaba au, katika kurudi, pembe za ndovu. Mtu mwenye mzigo huo hawezi kupotea njia kwa saa tatu halafu akarudi akaanza upya. Aliyetangulia alitakiwa kukijua kisima, kujua kama mwaka huu kina maji, na kujua ni nani mwenye kisima. Kwa sababu hiyo wapagazi hawakukubali kuletewa kirangozi yeyote tu. Katika misafara ya Wanyamwezi walimkubali wenyewe kwanza, na asiyeridhisha hakufuatwa. Upagazi ule, nje ya utumwa, ilikuwa kazi ya watu wenye ujuzi, wenye ujira wa kujadiliana na wenye silaha moja ambayo kila Mzungu aliyeandika kitabu ameilalamikia: kuitua mizigo na kuondoka. Speke aliionja hapahapa kwetu. Katika safari yake ya pili, mwishoni mwa 1860 na mwanzoni mwa 1861, sehemu kubwa ya wapagazi wake walimkimbia kati ya Ugogo na Mgunda Mkali wakati wa mvua na njaa. Vitabu vinauita utoro. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wajaribu kusoma kurasa hizo kwa kuweka neno mgomo kila mahali palipoandikwa utoro, kisha waone kama habari haieleweki vizuri zaidi.

Sasa kuhusu mwenye kisima. Wagogo hawakuwa na dola kubwa moja. Walikuwa na watemi wengi wa nchi ndogondogo, na kila mtemi alidai hongo kwa msafara unaopita katika nchi yake: doti kadhaa za nguo, kila doti ikiwa na mikono minane, pamoja na shanga na vitu vingine. Majadiliano yaliweza kuchukua siku nzima au zaidi, na msafara ulingoja. Waarabu wa Unguja walilipa, Wanyamwezi walilipa, Burton alilipa, Stanley alilipa mwaka 1871 huku akiwaka hasira. Katika maandishi yao karibu wote wanalieleza jambo hili kama unyang'anyi wa watu washenzi na wenye kiburi.

Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa hapa Dodoma, ambaye wengi wanamkumbuka kwa ushairi na ngonjera, aliandika mwaka 1954 kitabu juu ya historia, mila na desturi za Wagogo. Ni kitabu ambacho kila anayejenga nyumba katika jiji hili angepaswa kukisoma kabla ya kuchimba msingi. Ukikisoma habari za Ugogo upande wa wenyeji, hongo inakuwa kitu kingine. Msafara wa watu mia tano, pamoja na punda wao, ukinywa siku mbili katika kisima cha mchanga kilichochimbwa kwa mikono mwezi wa Oktoba, unawanyang'anya maji ng'ombe wa kijiji kizima. Unakula nafaka ambayo mwaka ujao huenda isipatikane. Hongo ilikuwa bei ya hayo, na vilevile ilikuwa kiapo: mtemi aliyekwisha kupokea alikuwa na wajibu wa kuhakikisha wageni hawaibiwi katika nchi yake. Sisemi kwamba kila mtemi alikuwa mwadilifu. Walikuwako walafi, na walikuwako waliopokea nguo kutoka kwa wenye minyororo bila kuuliza chochote juu ya waliofungwa. Nasema tu kwamba kudai malipo kwa maji yako si ushenzi. Chumbe tulilipa kiingilio kizuri tu kabla ya kupanda mashua, tukaelezwa kwamba fedha hizo zinalipa walinzi na kugharimia ziara za wanafunzi wa shule za Zanzibar wanaoletwa kujifunza mwamba, na katika mashua ile yenye watu wa mataifa manne sikumsikia hata mmoja akiliita jambo hilo unyang'anyi.

Mwaka 1889 Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Mpwapwa, na muda si mrefu hongo ikapigwa marufuku katika njia yote. Aliyeendelea kuitoza alihesabiwa kuwa mwasi. Halafu, mwaka 1898, utawala uleule ukaanzisha kodi ya nyumba, kwa hiyo Mgogo aliyekuwa akilipwa na mpita njia sasa akawa anamlipa mpita njia aliyeamua kukaa. Reli iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, na kazi ya kirangozi katika njia hiyo ikafa kabla ya waliokuwa wakiifanya.

Upagazi wenyewe haukufa. Ulirudi na vita ya 1914, safari hii bila kirangozi wa kuchaguliwa, bila ujira wa kujadiliana na bila ruhusa ya kutua mzigo. Jina la Kariakoo, soko ambalo kila Mtanzania analijua, ni kumbukumbu ya kikosi cha Waingereza cha wapagazi. Majeshi yao yaliingia Dodoma mwezi Julai 1916. Pande zote mbili zilichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa Ugogo, na mvua ziliposhindwa baada ya hapo ikaja njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya. Makadirio ya watawala wa wakati ule yanataja watu 30,000 waliokufa kati ya 150,000 hivi. Bibi yangu hakuwahi kuujua mwaka wake wa kuzaliwa; alisema tu kwamba Mtunya ilimkuta mgongoni kwa mama yake. Watu waliokuwa wakiuza maji na chakula kwa bara zima waliishia kula mizizi, ndani ya miaka isiyozidi thelathini tangu waliponyang'anywa haki ya kumsimamisha mgeni na kumuuliza anakunywa kiasi gani.

Nirudi kwenye yale maneno matatu. La kwanza ni kiongozi, ambalo ndilo kirangozi kwa umbo jingine. Kamusi za kale za wamisionari zililieleza kwa msafara: mtu anayeonyesha njia, mpagazi wa mbele. La pili ni hongo. La tatu ni msafara wenyewe.

Mwaka 1973 TANU iliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na tangu 2016 uamuzi huo umekuwa ukitekelezwa kwa kasi ambayo sisi wakazi wa zamani tunaiona kila asubuhi barabarani. Kwa hiyo maneno haya matatu, yaliyopita hapa kwa miguu karne moja na nusu iliyopita, yamerudi kukaa. Hongo sasa ni rushwa, na haina maana nyingine. Malipo ya wazi, yaliyojadiliwa mchana mbele ya watu, kwa ajili ya maji ya jumuiya, yametoa jina lake kwa malipo ya siri kwa ajili ya tumbo la mtu mmoja. Msafara ni magari. Ukiwa umesimamishwa pembeni mwa barabara ya Iringa au ya Singida, injini imezimwa, jua la saa saba linakupiga, ukimuuliza askari kuna nini, atakujibu: msafara wa kiongozi unapita. Anayetangulia katika msafara huo ni pikipiki yenye king'ora. Kiongozi yumo katikati, nyuma ya vioo vyeusi, na hana mzigo.

Sipendi hoja nyepesi za kusema kwamba zamani yote yalikuwa mazuri; nimetaja minyororo mapema kwa makusudi. Wala siamini kwamba Rais au waziri anapaswa kutembea kwa miguu kutoka Chamwino. Ninachokitazama ni mahali pa kusimama. Kirangozi alikuwa mbele kwa sababu kisima kikiwa kikavu, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukiona kikavu, na walio nyuma yake walimwona akiona. Haki yake ya kutotanguliwa ilitokana na hilo. Leo tumebakiza haki ya kutotanguliwa. Yaliyobaki tumeyaacha njiani, na kazi yenyewe ya kutangulia tumewaachia vijana wa hotelini na ufukweni, ambao wengi wao hulipwa kwa siku na kwa bakshishi, na ambao katika picha za likizo huonekana mkono tu.

Hilo la mkono ni la zamani kuliko kamera. Aliyemwongoza Burton, Speke, Grant, Stanley na Cameron kwa nyakati mbalimbali alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa hadi India, akapata uhuru bwana wake alipofariki, akarudi Zanzibar akawa askari wa Sultani. Aliivuka Ugogo mara nyingi kuliko Mzungu yeyote wa zama zake, na pamoja na Cameron, kati ya 1873 na 1875, alitembea kutoka Bahari ya Hindi hadi Atlantiki. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa medali ya fedha na, mwaka 1876, pensheni. Alifariki mwaka 1885. Katika darasa langu la mwaka wa kwanza, lenye wanafunzi zaidi ya mia mbili, huuliza kila mwaka ni nani anayemjua Stanley, na mikono yote huinuka. Nikimtaja Bombay, hudhani nimetaja mji.

Na si lazima kwenda kisiwani ili kuongozwa. Kilometa kama 180 kaskazini mwa Dodoma, huko Kolo, Kondoa, wako waongozaji wanaowapandisha wageni kwenye miamba yenye michoro ya kale, zaidi ya mapango 150 ambayo UNESCO iliyaweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Ni mwendo wa jasho, wenye mawe yanayoteleza na miiba, na hauhitaji mrija. Mwongozaji anayekupeleka Mungomi wa Kolo atakuambia usiingie hadi aingie yeye, kwa kuwa pango lile bado ni mahali pa matambiko, na huenda kuna mtu amekwenda kuombea mvua. Wanafunzi wangu kutoka Dodoma mjini waliowahi kufika huko ni wachache kuliko waliofika Nungwi.

Nimalizie na safari moja ambayo haikuwa na Mzungu wa kuiandika. David Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Waliokuwa naye walikutana kuamua la kufanya, na wenzao wakawakubali Abdullah Susi na James Chuma wawe viongozi, kwa sababu hao wawili ndio waliokuwa wazoefu zaidi wa njia na shida zake. Waliukausha mwili, wakaufunga kama mzigo wa nguo, wakatembea miezi tisa, wakapita Unyanyembe, wakavuka uwanda wetu, wakafika Bagamoyo mwezi Februari 1874. Walikuwamo wanawake, akiwamo Halima aliyekuwa mpishi. Kwenye mazishi ya Westminster Abbey mwezi Aprili alikuwapo Jacob Wainwright. Susi na Chuma walifikishwa Uingereza baadaye, kaburi likiwa limekwisha kufungwa. Kisha London ikatengeneza medali za fedha zipatazo 60 kwa ajili ya msafara ule, zenye maandishi ya kusifu uaminifu wao hadi mwisho, zikapelekwa Zanzibar. Zilipofika, wengi wa waliostahili kuzivaa hawakuwapo. Baadhi yao Stanley alikuwa amekwisha kuwaandikisha kwa safari yake mpya, wakaondoka Bagamoyo mwezi Novemba 1874, na mvua kubwa za Desemba ziliwakuta Ugogo, mizigo vichwani, wakingoja hongo ikubaliwe.